Kuwatafuta Waliopona

Siku yangu ya kwanza kazini Mganga Mfawidhi alinipokea mlangoni mwa chumba cha kumbukumbu, akanipa faili moja na kuniuliza, "Huyu mgonjwa yuko hai au amekufa?"

Ilikuwa hospitali ya Tarime. Nilikuwa msichana niliyetoka chuoni juzi tu, na nilidhani utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa ni kupanga mafaili kwa namba na kuyatoa yakihitajika. Nikalifungua lile faili nikiwa nimesimama. Karatasi ya mwisho ilisema mgonjwa arudi baada ya mwezi mmoja. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

"Haijaandikwa, Daktari," nikamwambia.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui."

"Vizuri. Wengi huniambia amekufa kwa sababu hakurudi. Wewe Bhoke, ukiwa hujui, sema hujui."

Alikuwa mtu wa maneno machache. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi bila kumsikia akipandisha sauti. Akikuta faili lina jina la mgonjwa lakini halina jina la kitongoji, alilirudisha mezani kwangu kimya, limefunguliwa kwenye ukurasa wenye upungufu. Kwake nilijifunza kuandika jina la ubatizo, jina la nyumbani, jina la mtoto wa kwanza, na namna ya kufika: nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga, ng'ambo ya kijito. Huku kwetu mwanamke mmoja anaweza kuwa Anna kanisani, Ghati kwa wazazi wake, na mama Mwita kwa watu wengine wote. Ukiandika jina moja tu, umeshampoteza.

Nilihamishiwa Mugumu, wilayani Serengeti, nikiwa na watoto wawili, na huko ndiko nilikoingia kwenye kazi ninayotaka kuwaeleza ninyi vijana. Hospitali ya kanda, ambako wagonjwa wetu wa saratani hupelekwa kwa matibabu, ilikuwa na rejesta ya saratani, yaani orodha ya kila mgonjwa: ameugua saratani gani, imegundulika ikiwa hatua ya ngapi, ametibiwa kwa dawa gani, na amefikia wapi. Walihitaji mtu wa kufuatilia wagonjwa wa Tarime na Serengeti. Mganga Mkuu wa Wilaya alinipendekeza kwa sababu moja ambayo alinitajia bila kunipaka mafuta: "Unajua kuuliza njia."

Bosi wangu mpya alikuwa Mratibu wa Rejesta, mama aliyewahi kuwa muuguzi wa wodi ya wanawake. Alinipa pikipiki, koti la mvua, na daftari la wanawake waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi. Karibu nusu yao, mbele ya jina palikuwa na alama ya kuuliza. Hao ndio tuliowaita waliopotea, watu waliomaliza matibabu wakaenda zao, na hakuna aliyewaona tena kliniki.

Miezi michache baadaye alikuja Mtakwimu.

Nilikuwa nikimsubiri mtu mzima mwenye mvi. Akashuka kwenye basi la Musoma kijana mrefu kutoka Tanga, mwenye Kiswahili laini kiasi kwamba wazee walimwongezea maswali ili wamsikie tu. Aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo, Mama Bhoke," akakaa kwenye benchi ofisini kwangu, akageuza kalenda iliyopitwa na wakati, na nyuma yake akachora mstari.

"Huu ni mchoro wa kuishi," akasema. "Hapa mwanzo, siku ya kumaliza matibabu, wanawake wote wako hai, kwa hiyo mstari uko juu kabisa. Akifariki mmoja, mstari unashuka ngazi moja. Tunakwenda nao kulia, mwaka hadi mwaka."

"Na hawa waliopotea unawaweka wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo. "Hao taarifa zao zimekatika. Namhesabu kila mmoja hadi siku ya mwisho alipoonekana. Baada ya hapo namwondoa kwenye hesabu, simwiti mfu wala mzima."

Nikamkumbuka Mganga Mfawidhi wa Tarime, nikaanza kumpenda kijana huyu.

Kisha akanionyesha ugumu wa kazi yake. Taarifa tulizokuwa nazo ziliishia miaka michache baada ya matibabu, lakini swali aliloulizwa na Kamati ya Dawa ya hospitali ya kanda lilihusu maisha yote ya wanawake hao. Wengine walitibiwa kwa mionzi peke yake, wengine kwa mionzi pamoja na dawa ya dripu. Dripu ina gharama, na inamchosha mgonjwa. Kamati ilitaka kujua inamwongezea mwanamke miaka mingapi ya kuishi, na miaka hiyo ina afya kiasi gani, maana mwaka wa kulala kitandani hawauhesabu sawa na mwaka wa kulima. Ukilinganisha miaka hiyo na gharama, ndipo unapoamua kama dawa iendelee kutolewa. Kazi hiyo huitwa uchambuzi wa gharama na manufaa. Ili kuifanya, Mtakwimu alipaswa kuurefusha mstari kupita pale taarifa zilipoishia.

"Sehemu hiyo tunaiita mkia," akasema, akachora mikia mitatu kwenye kalenda. Wa kwanza ulizidi kushuka mpaka chini: hatari ni ileile mwaka wa kwanza na mwaka wa kumi. Wa pili ulishuka polepole zaidi kadiri miaka ilivyopita. Wa tatu ulishuka, kisha ukakaribia kulala. "Huu wa tatu unasema kuna wanawake waliopona kabisa. Baada ya muda fulani wanakufa kwa uzee na malaria kama majirani zao, si kwa saratani. Mama, hapa mwanzoni mikia yote mitatu inapita kwenye nukta zilezile. Taarifa nilizonazo haziwezi kunichagulia. Na jibu la Kamati liko kwenye mkia."

"Wewe umechagua upi?"

"Wa kwanza," akasema, na hakufurahia kulisema. "Kwa taarifa za leo ndio wa tahadhari. Ukibaki huo, miaka inayoongezwa na dripu ni michache, na Kamati itaikataa."

Nilikuwa nimewaona wanawake wakirudi kutoka mionzi, wamekonda, khanga zinawapwaya, halafu miezi kadhaa baadaye nawakuta sokoni wakibishana bei ya dagaa. Nikamwambia, "Mwanangu, mtu aliyepona harudi kliniki. Anarudi kufanya nini? Hawa unaowaondoa kwenye hesabu ndio wazima wako."

"Inawezekana," akajibu. "Na inawezekana wengine wamezikwa. Niletee."

Ndivyo nilivyoanza kuzunguka.

Faili la kwanza lililonisumbua halikuwa na alama ya kuuliza. Lilikuwa limeandikwa marehemu. Mgonjwa nitamwita Robhi, wa Gorong'a. Jina lake halisi nalihifadhi. Nililishika kwa ajili ya kuhakiki tu, jicho langu likaangukia sehemu iliyoandikwa jina la mume: Wankuru. Wankuru ni jina la mwanamke. Mtu asiyekuwa wa huku angedhani karani alikosea. Mimi ni Mkurya, nikaelewa papo hapo. Kwetu mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke mwenzake, akatoa mahari ya ng'ombe, na watoto watakaozaliwa na yule binti wakawa wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Huyo Wankuru alikuwa ndiye mwenye nyumba. Mtu fulani alipiga simu kijijini kuuliza, majina mawili ya kike yakachanganyikana, na aliyejibu akasema, ndiyo, amefariki. Nani amefariki? Hakuna aliyeuliza.

Nilifika Gorong'a saa nne asubuhi, tope limenifika magotini kwa sababu pikipiki ilikataa mlima wa mwisho. Mwanamke wa makamo alikuwa anaanika muhogo kwenye mwamba. Nikamsalimia, nikajitambulisha, nikasema natoka hospitali, namtafuta Robhi wa nyumba ya Wankuru.

"Umempata," akasema. "Robhi ni mimi. Wankuru ndiye tuliyemzika. Una shida gani?"

Nilikaa kwenye mwamba kando ya muhogo wake. Akadhani nimechoka na safari, akaingia ndani akaniletea maziwa ya mgando. Nilipomweleza kwamba kwenye vitabu vyetu yeye ni marehemu, alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo mlikuwa mmenifunga."

"Tulikuwa tumekufunga, dada yangu."

"Basi nifungue. Nina mahindi ya kupalilia."

Nilimuuliza maswali ya fomu: maumivu, kutokwa damu, uzito, kazi anazoweza kufanya. Alijibu yote huku akigeuza muhogo. Kwa nini hakurudi kliniki? Wankuru alikuwa ameugua, ng'ombe walikuwa wake peke yake kuwachunga, na yeye alijisikia mzima. Ilikuwa ni miaka mingi tangu matibabu, mingi kuliko ile ambayo mkia wa kwanza ungemruhusu. Nilipompigia Mtakwimu simu kutoka barabarani, alinitaka nirudie kila kitu tangu mwanzo.

"Umemwona kwa macho yako, Mama?"

"Nimekunywa maziwa yake."

Katika miezi iliyofuata niliwapata wengine. Mmoja alikuwa amevuka Sirari kwenda kuishi kwa bintiye upande wa Kenya. Mwingine alikuwa ameolewa tena na hakutaka mume mpya ajue, tukazungumza kisimani kama wanawake wanaopumzika. Wengine niliwakuta makaburini, nikaandika tarehe kama familia ilivyonipa. Mahali nisipoweza kufika nilipiga simu. Kila nilipotuma fomu, Mtakwimu aliuchora upya mchoro wake, na mstari ukaanza kulala. Mratibu alifurahi waziwazi. Kikao cha Kamati kilipangiwa siku.

Wiki mbili kabla ya kikao nilikwenda Kenyamonta kwa kazi nyingine, nikaona si vibaya kupita kwa Nyangi. Huyu nilikuwa nimemwandika hai mara mbili kwa simu. Kila nilipopiga, wifi yake alipokea: "Yuko mzima, ametoka kidogo." Nilipoingia uani, yule wifi alinitambua kwa sauti kabla sijamaliza salamu. Akaweka chini ungo aliokuwa anapepetea mtama, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeshaota nyasi.

"Nisamehe," akasema. "Kila ulipopiga, mama yake alikuwa ameketi hapa karibu yangu, anasikiliza. Ningelitamkaje neno hilo mbele yake? Niliona heri nikudanganye wewe wa mbali."

Sikumlaumu. Nilimwamkia yule bibi shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, nikaondoka.

Lazima niwaambie na lililofuata, kwa sababu kumbukumbu za kazi zisizo na aibu ya mwandishi si za kuaminika. Ile fomu ya Nyangi nilikaa nayo siku tatu. Kifo kimoja kisingeuangusha mstari, nilijua. Lakini kikisemwa, maana yake ni kwamba kila niliyemwandika hai kwa simu ana shaka, na kikao kiko karibu, na mkia ukirudi chini, mwanamke atakayegundulika mwakani atapata mionzi peke yake. Nilikuwa na sura za wale niliowakuta hai kichwani. Nilijiambia kwamba ukweli wa jumla niliuona kwa miguu yangu, hii moja ina tofauti gani? Siku ya tatu nilikuwa nachambua mboga nyumbani Mugumu, nikagundua nimechambua fungu lilelile mara mbili. Nikanawa mikono, nikampigia Mtakwimu.

Nilimweleza yote, hata zile siku tatu.

Nilitarajia hasira. Akasema, "Asante, Mama. Wangapi tuliwaandika hai kwa simu tu?"

Nikamtajia.

"Hao wote turudi tuwaone. Kikao nitaomba kisogezwe."

"Mratibu atakasirika."

"Atakasirika. Kisha atatupa mafuta ya pikipiki."

Ikawa hivyo hivyo. Mratibu alinikemea kwa simu kwa dakika nzima, kisha akauliza nina matairi ya namna gani kwa msimu wa mvua. Siku ya pili yake alifika mwenyewe Mugumu akiwa na viatu vya raba, akasema vijiji vya karibu atavichukua yeye. Mama mwenye cheo kile, alitembea kwa miguu kutoka kitongoji hadi kitongoji, na jioni alikuwa anajaza fomu kwa mwandiko ule wa kiuuguzi uliosimama wima. Sijawahi kufanya kazi na mtu niliyemheshimu zaidi. Tukawakuta baadhi wamefariki, tukawaandika. Wengi tuliwakuta hai. Mmoja alitukimbia shambani akidhani tumekuja kumrudisha wodini.

Kikaoni nilialikwa nikae nyuma. Mtakwimu alisimama mbele ya madaktari bingwa, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba mchoro wake wa awali ulikuwa na makosa: aliwatoa kwenye hesabu wanawake waliopona kwa sababu tu hawakuonekana. Akaonyesha mpya. Mahali taarifa zetu zilipofika, mstari ulikuwa mweusi mzima. Kuanzia hapo aliuchora kwa nukta, na pembeni ya nukta hizo aliweka mikia mingine miwili ambayo bado ingewezekana, ili kila mmoja aone jibu linavyobadilika.

Mwenyekiti wa Kamati, daktari bingwa mzee mwenye sifa ya kuwatoa watu jasho, alivua miwani. "Kijana, hizi nukta unaweza kuziapia?"

"Hapana, Daktari. Naapia mstari mweusi tu."

"Na nani amewaona wanawake wa huo mstari mweusi?"

Mtakwimu akageuka kunitazama. Nikasimama, nikasema, "Mimi na Mratibu. Mmoja mmoja."

Mwenyekiti aliuliza maswali kwa muda usiopungua saa nzima. Aliuliza kuhusu Nyangi, maana Mtakwimu hakumficha. Aliuliza takwimu za vifo vya kawaida vya wanawake wa umri huo huku kwetu zilitolewa wapi, na akabishia afya ya miaka ilivyopimwa. Mwishowe Kamati ikaamua dripu iendelee, kwa sharti kwamba mchoro urudishwe mezani kila baada ya muda ukiwa na taarifa mpya, na ukishuka, uamuzi nao uangaliwe upya. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mratibu akaja akakaa kando yangu, tukala karanga.

Nilifanya ile kazi mpaka nilipofikisha miaka sitini. Mwezi wa mwisho nilimzungusha aliyechukua nafasi yangu, binti wa Nata, msomi, mwepesi wa kompyuta kuliko mimi nilivyowahi kuwa. Kwenye nyumba moja ya mwisho mgonjwa mwenyewe hakuwepo. Jirani akasema yu mzima, yuko shamba la bondeni. Binti akatoa kalamu.

"Subiri," nikamwambia.

"Mama, amesema mzima, na ni mtu wa humu humu."

"Subiri tu."

Tulikaa kwenye kivuli cha ghala la mahindi kwa muda wa karibu saa mbili. Nilimsimulia habari za Kenyamonta, na zile siku tatu, maana nilitaka azipate kwangu kabla hajazipata mahali pengine. Kisha mwanamke akapanda kutoka bondeni na jembe begani, anahema kidogo, anashangaa wageni. Binti alisimama akamwamkia, akamuuliza maswali yote, akaandika neno hai yeye mwenyewe.

Sasa niko nyumbani. Mtakwimu hunipigia simu mara kwa mara, ameshaanza kupata mvi zile nilizozitarajia zamani, na hunieleza mstari umefika wapi. Sehemu ambayo siku ile ilikuwa ya nukta, leo nyingi ni nyeusi. Mahali pengine alikuwa amekosea kidogo, na huniambia hilo kwanza kabla ya mengine. Nimewaona wataalamu wengi katika maisha yangu. Wanaojua mambo ni wengi. Anayeweza kukuonyesha kwa kidole ni wapi kujua kwake kunaishia, huyo ni adimu, na mimi nilipata bahati ya kufanya kazi na watatu: Mganga Mfawidhi wa Tarime, Mratibu, na Mtakwimu.

Mara nyingine watu huniuliza kama haikuwa kazi ya huzuni, kubisha hodi kuuliza kama mtu amekufa. Huzuni ilikuwepo. Lakini mara nyingi zaidi mlango ulifunguliwa na yule yule niliyekuwa namuulizia, ana unga mikononi, na akaniuliza nina haraka gani, nikae kwanza.